Vipimo vya Baba Pacha

Katika kituo kimoja cha utabiri wa bahari kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Shangazi na kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mkuu wa kituo, ambaye kwa umri alimzidi miaka sita. Jina lilianza na mpwa wake wa damu, aliyekuja pale kujifunza kazi kwa miezi mitatu, akawa anaita "Shangazi, Shangazi" kutwa nzima. Mpwa alimaliza mafunzo akaenda zake, jina likabaki. Siku hizi hata barua za ofisi wengine waliziandika "Kwa Shangazi", na zilimfikia bila kupotea.

Kazi yake ilikuwa kuitunza modeli. Wengi wakisikia modeli ya bahari hudhani ni kisanamu cha kuweka mezani, kwa hiyo ni bora tueleweshane mapema. Hii ilikuwa programu ya kompyuta. Iliigawa bahari yote ya eneo lao vipande vipande kama vigae vya sakafu, kila kigae ikakipa joto lake na mwendo wa maji yake, kisha ikapiga hesabu maji yatakuwaje kesho na keshokutwa. Lakini modeli ikiachwa peke yake hupotea. Leo inakosea kidogo, kesho inakosea juu ya kosa la jana, na baada ya wiki mbili inazungumzia bahari ambayo haipo duniani. Dawa yake ni vipimo. Kila siku huletewa namba kutoka baharini kwenyewe, kwenye maboya yanayoelea na meli zinazopita, ili ijirekebishe kabla ya kuanza kutabiri. Shangazi ndiye aliyehakikisha namba hizo zinaingia.

Mumewe alikuwa mmoja wa waliozileta. Alikuwa fundi mkuu wa injini kwenye kivuko kilichovusha watu na magari kwenda kisiwani asubuhi na kuwarudisha jioni. Kazini aliitwa Fundi. Nyumbani aliitwa Baba Pacha, kwa ajili ya mabinti wao wawili waliokuwa chuoni mbali. Kwa miaka minane, kila mara kivuko kilipofika katikati ya mkondo, penye maboya mawili mekundu, Baba Pacha aliteremka ngazi kumi na nne hadi kwenye bomba linaloingiza maji ya bahari ya kupozea injini. Alifuta kioo cha kipimajoto kwa kitambaa, akainama hadi macho yakawa sawa na alama, akasoma, akaandika. Hakusoma akiwa amesimama. Alisema ukisoma umesimama unapata nusu digrii ya uongo. Kisha alituma namba kituoni kwa simu, mara mbili kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Hakuna aliyemlazimisha. Mkewe alimwomba mara moja tu, wakiwa wanakunywa chai, naye akalichukua ombi lile kama kiapo.

Sasa alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi.

"Shangazi," Mkuu alisema Jumatatu moja, akiwa ameegemea mlango wa chumba chake, "tumtengenezee shemeji cheti. Kizuri, chenye namba. Vipimo vingapi ametuletea, na vingapi vimetumika kwenye modeli. Tunamkabidhi Ijumaa ya wiki ijayo mbele ya wafanyakazi wote."

"Hiyo ni kazi ya dakika tano, Mkuu."

Dakika tano zikawa asubuhi nzima. Vipimo vilivyopokelewa kutoka kwenye kivuko vilikuwa elfu nne mia nane na sita. Vilivyoingia kwenye modeli vilikuwa mia moja na tatu.

Shangazi alidhani amekosea kuandika. Akarudia. Akaenda kunawa uso, akarudi, akarudia tena, akiwa makini kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mia moja na tatu. Vingine vyote, elfu nne mia saba na vitatu, vilikuwa kwenye faili moja ambalo hakuna aliyewahi kulifungua, na mbele ya kila kipimo palikuwa na neno lilelile: kimekataliwa.

Alianza kumtafuta aliyevikataa. Alipita kwenye programu mstari kwa mstari, akiwa na hasira zake tayari, na hasira hizo alishampangia mtu wa kumwangushia, kijana wa idara ya mitambo aliyehama mwaka juzi. Saa sita kasoro akaupata mstari wenyewe. Ulisema hivi: kipimo chochote kinachotofautiana na modeli kwa zaidi ya digrii tatu, kitupwe. Chini yake mwandishi alikuwa ameacha maneno kwa ajili ya wenzake: "Ya muda tu. Nitarekebisha wiki ijayo." Na chini ya maneno hayo kulikuwa na tarehe, na herufi za kwanza za majina ya mwandishi, ambazo zilikuwa za kwake yeye mwenyewe.

Wiki ijayo hiyo sasa ilikuwa na umri wa miaka tisa.

Akakumbuka yote. Miaka tisa nyuma, mtu mmoja aliokota boya la vipimo ufukweni, akaliona zuri, akaenda nalo nyumbani akaliweka juu ya paa la banda lake. Boya halikujua kwamba limehama. Liliendelea kutuma namba kutoka juu ya mabati, digrii arubaini na moja mchana kweupe, na modeli ikaziamini. Kwa siku tatu kituo kilitangaza kwamba bahari ya kusini imekaribia kuchemka. Watu walicheka hadi redioni. Mkuu wa wakati ule hakucheka, na Shangazi, roho mkononi, aliandika mstari ule kwa dakika mbili ili aibu ikome. Ikakoma. Akausahau.

Miezi kadhaa baadaye Baba Pacha akaanza kuleta vipimo vyake. Modeli iliamini kwamba maji ya mkondo yana digrii ishirini na saba. Baba Pacha alisema ishirini na mbili. Tofauti ni tano, kikatupwa. Kwa kuwa kimetupwa, kesho yake modeli iliamka na ishirini na saba zake zilezile, na Baba Pacha akasema ishirini na mbili zake zilezile, na akatupwa tena. Ni kumfukuza shahidi mahakamani kwa sababu maneno yake hayafanani na ya mshtakiwa. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa mara mbili kwa siku kwa miaka minane, isipokuwa siku chache ambazo maji yenyewe yalipata joto na namba zao zikakaribiana.

Je, Baba Pacha alikuwa sahihi? Hilo Shangazi hakulijua. Huenda modeli ndiyo iliyokosea, na huenda kipimajoto cha kivuko kilikuwa kibovu tangu siku ya kwanza. Lakini hakuwa ameuliza. Angeweza kuuliza asubuhi yoyote, tena bila hata kuvaa viatu. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka.

Mkuu alipoelezwa alikaa kwenye kiti cha wageni, akakuna kidevu.

"Andika vilivyopokelewa peke yake," alisema. "Elfu nne mia nane na sita. Namba kubwa, inapendeza, na si uongo."

"Si uongo, lakini si kweli pia."

"Shangazi, ni cheti. Si kiapo cha mahakamani. Mzee wa watu anaenda kupumzika. Unataka aende na nini moyoni?"

Alisema kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyokuwa hatari. Shangazi alikaribia kukubali. Njiani kurudi nyumbani alijiambia mara tatu kwamba amekubali.

Alimkuta Baba Pacha sebuleni na nyundo mkononi. Alikuwa ameishusha saa ya ukutani, ameisogeza pembeni, na pale katikati, mahali ambapo mgeni akiingia tu angepaona, alikuwa amechora alama nne ndogo kwa penseli.

"Cheti kina upana gani?" aliuliza. "Nisije nikapiga msumari pabaya."

"Bado hakijatengenezwa."

"Na namba? Mkuu amenipigia simu, anasema kitakuwa na namba. Vimetumika vingapi?" Alikuwa anang'aa usoni. "Usiniambie. Wewe unajua mimi nimehesabu? Nina daftari langu. Elfu nne mia nane na sita, kasoro viwili vitatu labda."

Elfu nne mia nane na sita. Hata kimoja hakikuwa kimepotea hesabuni mwake. Shangazi akakaa kwenye mkono wa kochi, mkoba ukiwa bado begani, na uongo wote aliouandaa njiani ukamponyoka.

"Baba Pacha, vimetumika mia moja na tatu."

"Elfu moja na mia tatu?"

"Mia moja na tatu."

Alicheka, kisha akaacha. "Na vingine?"

"Vilitupwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Akamweleza. Boya, paa, digrii arubaini na moja, ule mstari wa wiki ijayo. Hakuficha kitu wala hakujitetea. Baba Pacha alisikiliza hadi mwisho, akaiweka nyundo mezani taratibu kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Miaka minane tunalala kitanda kimoja," alisema, "hukuweza kuniambia, Baba Pacha, mbona maji yako baridi?"

"Sikujua."

"Mimi nilikuwa nadhani hunisikilizi hapa nyumbani tu. Kumbe na kazini."

Alisema kwa utani, kama kawaida yake, ila yeye mwenyewe hakucheka. Usiku ule, walipomaliza kula, Baba Pacha aliosha sahani yake na ya mkewe, kama alivyofanya kila siku ya ndoa yao, na hilo lilimuuma Shangazi kuliko kama angenuna.

Asubuhi alikuwa ameshavaa ovaroli aliposimama mlangoni.

"Unasema kipimajoto changu ni kibovu?"

"Nasema sijui."

"Haya. Njoo upime. Usiniamini mimi, na usiiamini hiyo mashine yako. Pima mwenyewe kwa mkono wako."

Basi Shangazi akaenda kupima. Alibeba vipimajoto viwili vya ofisini vilivyokaguliwa mwezi uliopita, ndoo ya turubai ya kuchotea maji, na kamba ya mita kumi. Njia nzima alikuwa akipiga hesabu moja. Kama kipimajoto cha bombani kilikuwa kizima, basi yeye ndiye aliyekosea kwa miaka minane, na kosa hilo lilikuwa na dawa, kwa kuwa namba zote zilikuwa bado kwenye faili. Lakini kama kilikuwa kibovu, hapakuwa na dawa. Zile safari zote za kuteremka ngazi kumi na nne na kuinama zingekuwa zimekwenda na maji. Shangazi hakumbuki kama aliwahi kabla ya siku ile kuomba Mungu awe yeye ndiye mkosaji.

Walikubaliana kwamba kila mmoja atapima peke yake, ataandika kwenye kikaratasi, atakikunja, na hakuna kuambiana. Nahodha alipunguza mwendo walipokaribia maboya mekundu. Baba Pacha akateremka chini. Shangazi akaitupa ndoo.

Kuchota maji kwa ndoo kutoka kwenye chombo kinachotembea si mchezo. Mara ya kwanza ndoo ilielea juu juu kama bata. Mara ya pili ilijaa ghafla, kamba ikamvuta hadi akakumbatia vyuma vya ukingo, na abiria wakaanza kukusanyika.

"Mama, samaki hawavuliwi kwa ndoo," mmoja alisema.

"Mwache, huenda wake wana kiu."

Mara ya tatu alipata. Maji yalimmwagikia kifuani, na kabla hajatumbukiza kipimajoto chochote, ngozi yake ilikuwa imeshampa jibu. Maji yalikuwa baridi. Alitumbukiza kipimajoto cha kwanza, akahesabu polepole hadi sitini, akapiga magoti kwenye sitaha ili macho yawe sawa na alama. Akatumbukiza cha pili. Vyote viwili vilisema kitu kimoja.

Baba Pacha alipopanda juu, walibadilishana vikaratasi. Cha Shangazi kilikuwa na ishirini na mbili nukta sita. Cha Baba Pacha, ambaye bomba lake lilivuta maji ya chini kidogo zaidi, kilikuwa na ishirini na mbili nukta nne.

Shangazi akalia. Hakulia sana, lakini alilia waziwazi mbele ya abiria wenye utani wao. Kulikuwa na aibu ndani yake, ila zaidi ilikuwa ni furaha, na hakujali nani anaona.

"Umelowa hadi mabegani," Baba Pacha alisema, akikikunja kikaratasi cha mkewe na kukitia mfukoni mwa ovaroli. "Twende chini penye injini, kuna joto. Utakauka kabla hatujafika."

Kule chini, kelele ikiwa kubwa hata ikabidi wasogezeane vichwa, alimweleza jambo ambalo mabaharia wote wa njia ile walilijua. Chini ya mkondo kuna ukuta wa mawe. Maji ya kilindini yakisukumwa na upepo hugonga ukuta yakapanda juu, na yakipanda yanakuja na baridi yake. Ndiyo maana asubuhi nyingine ukungu unatanda pale hadi kivuko kinangoja saa nzima, honi zikilia, huku kituo cha utabiri kikiwa kimetangaza kwamba hali ni shwari.

"Mbona hukuwahi kuniambia?" Shangazi alipaza sauti.

"Nilikuwa nakuambia! Mara mbili kwa siku!"

Safari hii alicheka kweli, na mkewe naye akacheka, wakiwa wamesimama kando ya injini iliyokuwa inatetemesha meno.

Aliporudi kituoni, Shangazi aliufuta ule mstari wake wa miaka tisa. Lakini hakuuacha mlango wazi, kwani mabanda yenye mapaa bado yapo na waokota maboya bado wapo. Aliandika mstari mpya, mlinzi mwenye akili zaidi. Huyu hakukiuliza kipimo kama kinakubaliana na modeli. Alikiuliza kama kinapatana na kilichokitangulia na kinachokifuata, na kama aliyekileta amekuwa akisema neno moja kwa muda mrefu. Kisha akaiendesha upya modeli kwa mwezi mmoja uliopita, kwa majaribio, ikiwa na vipimo vya kivuko ndani.

Mkuu alikuja kuangalia ramani kwenye skrini. Kwa miaka yote mkondo ulikuwa mwekundu kama bahari nyingine inayouzunguka. Sasa palikuwa na kidoa cha bluu katikati yake, kirefu na chembamba, kimelala pale penye maboya. Alikikaribia hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Hii bluu imetoka wapi?"

"Kwa mume wangu," Shangazi alisema.

Akamwonyesha na mengine. Katika mwezi ule ukungu ulikuwa umekisimamisha kivuko asubuhi tisa. Modeli ya zamani ilikuwa imetabiri asubuhi moja, nayo kwa kubahatisha. Modeli iliyosikiliza vipimo ilitabiri saba. Mkuu akavuta kiti cha wageni, akakaa, akasema tufanye mwezi mmoja zaidi, na baada ya huo akasema tufanye miaka yote minane, na cheti kisubiri hadi hesabu ikamilike.

Kazi ya miaka minane ilichukua mchana mzima wa Alhamisi, na Alhamisi ilikuwa siku ya mapumziko ya Baba Pacha. Alikuja kituoni amevaa shati lililopigwa pasi, kana kwamba anakuja kwenye usaili. Kompyuta ilipitisha vipimo kimoja kimoja kwenye skrini: tarehe, joto, na mbele yake neno. Kimekubaliwa. Kimekubaliwa. Kimekubaliwa. Shangazi alidhani atatazama kidogo, atachoka, ataenda kupiga soga na mlinzi wa getini. Hakuondoka. Alivuta kiti mbele ya skrini, akaweka mikono magotini, akawa anazisoma namba zake kama mtu anayesoma barua zilizochelewa.

"Siku hii injini namba mbili ilizimika," alisema. "Nilipima nikiwa na tochi mdomoni."

Na baadaye: "Hapa mabinti walikuwa wanafanya mtihani." Na baadaye tena: "Hii ilikuwa dhoruba. Ngazi nilizishuka kwa makalio." Wafanyakazi wenzake Shangazi walipita, wakasimama, wakasikiliza kidogo, wakaondoka wakitabasamu. Mmoja alimletea chai na mkate. Alikula bila kuondoa macho kwenye skrini, makombo yakimdondokea kwenye lile shati la pasi.

Shangazi alimtazama kutoka kwenye meza yake na moyo ukatulia. Alikuwa ametarajia kwamba mlinzi mpya ataangusha hata vipimo hamsini, sabini. Mtu huchoka, husoma vibaya, huandika tatu badala ya nane. Elfu mbili zikapita. Elfu nne. Kutoka pale mezani hakuona kilichoanguka.

Saa tisa alasiri hesabu ikaisha. Vilivyokubaliwa: elfu nne mia nane na vitano. Kilichokataliwa: kimoja.

"Aa, hapana," Shangazi alisema, akavuta kiti chake haraka. Alikuwa ameapa moyoni kwamba safari hii mumewe hatatupwa hata nusu. "Huyu ni mlinzi wangu, amezidisha ukali. Ngoja nimlegeze."

Akakifungua kipimo chenyewe. Kilikuwa cha jioni, miaka sita nyuma, na hakikuhitaji utaalamu kuona kasoro yake. Wiki ile upepo ulikuwa umekufa na maji ya mkondo yalikuwa na joto. Asubuhi yake Baba Pacha alikuwa ameandika ishirini na sita nukta tatu, kesho yake asubuhi ishirini na sita nukta tano, na katikati, jioni ile moja, ishirini na mbili nukta nne. Bahari haifanyi hivyo. Bado Shangazi alikuwa ameshaweka vidole kwenye kibodi.

"Usiiguse," Baba Pacha alisema. "Iko sawa."

"Nini kiko sawa?"

"Mashine. Hicho sikukipima." Alikuwa anatazama mikono yake. "Niliandika ile namba ya kawaida kutoka kichwani, nikatuma. Hicho kimoja tu, Mama Pacha. Vingine vyote nilikwenda."

Shangazi akaitazama tarehe, na sasa ndipo alipoiona. Tarehe kumi na nne, mwezi wa sita. Siku ile yeye alikuwa kwenye chumba cha upasuaji. Baba Pacha aliomba ruhusa, hakupatikana fundi wa kushika zamu yake, na kivuko hakiwezi kuondoka bila fundi. Wiki kadhaa baadaye, aliporudi kazini na mshono wake, Shangazi aliangalia orodha ya vipimo vilivyopokelewa kutoka kwenye kivuko na kuona kwamba vilikuja bila pengo, hata siku ile. Lilimkaa moyoni. Mimi nimelala napasuliwa, alijiambia wakati ule, na yeye ameinama anasoma kipimajoto kwa utulivu wake wote. Hakuwahi kumwambia mtu. Alilitia mahali akalifunika.

"Daktari alisema saa mbili," Baba Pacha alisema. "Zikawa tano. Nilikuwa juu sitahani nanyoosha simu hewani natafuta mtandao. Mkondo ulipita sikuuona. Nahodha ndiye aliyeniambia tumefika. Sikujua hata nimeandika nini."

Shangazi aliondoa vidole kwenye kibodi. Kisha akauweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, pale gotini, palipokuwa na makombo ya mkate, na wakakaa hivyo, hata Mkuu alipochungulia mlangoni akaona ni heri aendelee na safari yake.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Baba Pacha alisimama mbele akiwa na shati jingine la pasi, nahodha upande mmoja, Mkuu upande wa pili, na Shangazi akasoma cheti kwa sauti. Vipimo vilivyopokelewa, elfu nne mia nane na sita. Vipimo vilivyotumika kuirekebisha modeli, elfu nne mia nane na vitano. Watu wakapiga makofi, wengine miluzi.

Mkuu, ambaye alipenda hesabu zikae sawa, akainama akamnong'oneza. "Na kile kimoja?"

"Hicho kilikuwa changu," Shangazi alisema, akaendelea kusoma.